Maksai

Siku ya kwanza, karakana ya mabasi, Torreón,
Don Eleuterio alinivulia kofia.
"Senyorita," akasema, "kiti kile pale."
Nilikuja na spana zangu. Sikuja kukaa.

Wenzangu waliitana *wey* toka alfajiri:
wey, nipe nyundo; wey, umekula tortilla yangu;
wey, mkeo kapiga simu; wey, wey,
kama vile neno ni grisi,
bila hilo hakizunguki kitu.
Nikitokea mimi, linakatika.
Wanafuta midomo. Senyorita anapita.

Miezi mitatu nilikuwa mgeni wa kuheshimiwa.
Heshima nayo ni ukuta, ila umepakwa chokaa.

Halafu jeki ikateleza.
Basi la kwenda Gómez Palacio, tani kumi na mbili,
lilishuka upande wangu taratibu,
kama mzee anayejishusha kitini,
na Fidencio akapiga yowe: "Wey, mguu!"
Senyorita ina silabi nne.
Mguu wangu ulikuwa na muda wa moja.
Nikauvuta. Kiatu kikabaki chini.
Tulikicheka kile kiatu, chapati tupu,
tukacheka hadi machozi,
na kuanzia hapo nikawa wey.

Mama hakupenda.
Alinisikia jikoni nikiongea na Macaria kwa simu,
wey huku, wey kule, akazima jiko.
"Unajua neno hilo limetoka wapi?"
Amekulia Durango, nyuma ya plau.
"Ni maksai, Nereida. Dume lililohasiwa.
Mimi nilikwenda leba nikazaa binti."
Nikamwambia, mama, tazama basi:
wanaume wazima na masharubu yao
wanaitana maksai kutwa nzima, na wanafurahi.
Kama dume lilishakatwa humo ndani ya neno,
mimi nimemnyang'anya nani?
Alitaka kukasirika. Mabega yakamsaliti, yakacheka.
Lakini jiko hakuliwasha.

Nami sisemi neno ni asali.
Disemba ziligawiwa bahasha za sikukuu.
Fidencio, wey, shika. Tiburcio, wey, hii yako.
Kwangu Don Eleuterio akavua kofia.
Nilijua kabla sijafungua.
Usenyorita wangu ulinigharimu peso mia nane.
"Wey," nikamwambia, Don mwenyewe, mbele ya watu,
"umehesabu vibaya."
Tiburcio akazima kompresa ili asikie vizuri.
Don akanitazama kama anayesoma namba ya gari kwa mbali,
akaingia ofisini, akafunga mlango.
Mia tano zilikuja Ijumaa.
Mia tatu namdai hadi leo.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, sawa,
lakini hii yangu nimebandikwa.
Yule kijana wa duka la betri,
niliyempakia rangi ya mdomo Jumamosi mbili mfululizo,
alinipiga begani, akasema,
"Hakuna wey kama wewe."
Nikarudi nyumbani kwa miguu.
Kilomita sita. Nilizihesabu.

Juzi, saa tisa usiku, simu.
"Wey," akasema Macaria.
Hakuongeza.
Nilisikia korido ya hospitali nyuma yake,
gari la dawa, gurudumu moja linalia,
linataka mafuta.
Baba yake, basi.
"Nakuja, wey," nikasema,
nikatafuta kiatu gizani.

Mama alikuwa ameshasimama mlangoni,
nywele hazijasukwa, thamosi ya kahawa mkononi.
Akanyoosha mkono, akausita,
akatafuna neno kwanza kama anapima chumvi.
"Mpelekee," akasema,
"huyo maksai mwenzako."